Mganga Hajigangi: Muuguzi Anapopasuliwa ili Kupunguza Uzito

Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya akiba na mikopo vya watumishi wa afya



Nitazungumza juu ya jambo ambalo miongoni mwetu hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa. Muuguzi anapoleta ombi la mkopo ili akapasuliwe kwa ajili ya kupunguza uzito, swali la kwanza la kamati ni hili: je, ataweza kulipa? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha tunazokopesha ni jasho la wanachama. Lakini leo naomba tuongeze swali la pili: kisu kikishafanya kazi yake, nani atamtunza mwanachama huyu?

Wapo wanaodhani kuwa ombi la namna hii ni la urembo. Sivyo. Unene uliokithiri ni maradhi, nao ndio mlango wa kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Muuguzi hakuachwa nje ya hesabu hiyo. Zamu ya usiku humvurugia usingizi na njaa. Saa ya kula hupita akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na inapofika alfajiri hushiba kwa chai yenye sukari nyingi na chapati. Anawafundisha wengine lishe bora, naye mwenyewe hana nafasi ya kuifuata.

Upasuaji huu haufanywi kwa kila anayeutaka. Madaktari hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 95 na urefu wa mita 1.60 hupata 37. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kiwango cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hiyo vilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi mengine, na vikashauri kuwa mwenye kisukari afikiriwe kuanzia 30. Kwa hiyo ombi lisiloambatana na barua ya daktari aliyempima mwombaji halijakamilika.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo, ukabaki mwembamba kama ndizi. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato. Siku hizi zote mbili hufanywa kwa kawaida kupitia matundu madogo. Puto linalowekwa tumboni kwa muda, huduma iliyoanza katika Hospitali ya Mloganzila mwaka 2022, ni jambo jingine: si upasuaji, na baadaye huondolewa. Kamati na isichanganye mambo haya, kwani gharama, hatari na muda wa kupona havifanani.

Je, faida ipo? Ipo. Uchunguzi mkubwa ulioanza nchini Uswidi mwaka 1987 ulitoa matokeo mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao wanene waliotibiwa kwa njia za kawaida. Hatari nazo zipo: kutokwa damu, mshono kuvuja, na damu kuganda miguuni kisha kupanda mapafuni. Katika hospitali zenye uzoefu vifo ni chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini anayetia sahihi karatasi ya ridhaa sharti ajue kuwa hatari si hadithi.

Ndugu Wanaushirika, matayarisho huanza majuma mengi kabla ya siku yenyewe. Mgonjwa hupimwa damu, moyo, sukari na usingizi wake. Huzungumza na mtaalamu wa lishe, na pia na mtaalamu wa mambo ya akili, kwa sababu mtu aliyezoea kuliwazwa na chakula atahitaji liwazo jingine. Anayevuta sigara huacha. Katika majuma mawili ya mwisho, wengi hupewa chakula chenye nguvu kidogo na protini ya kutosha ili ini lipungue na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Hapo ndipo muuguzi hujaribiwa, maana yeye hufikiri kuwa ayajuaye hayahitaji kuambiwa.

Baada ya upasuaji wengi hurudi nyumbani kwa siku moja hadi tatu. Kwanza hunywa maji na supu iliyochujwa, kwa vijiko na bila haraka. Kisha huja maziwa na mtindi usio na sukari, halafu vyakula vilivyopondwa: mayai, samaki, maharage yaliyosagwa. Chakula cha kawaida hurudi baada ya majuma sita hadi manane. Tangu hapo kanuni ni kuanza na protini, angalau gramu 60 kwa siku. Tumbo dogo likijazwa ugali kwanza, samaki hatapata mahali. Soda na uji wa sukari havifai. Kwa waliopitishiwa njia ya mkato, sukari nyingi huweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara.

Vidonge vya vitamini na madini humezwa maisha yote: vitamini B12, chuma, kalisi, vitamini D na vinginevyo. Damu hupimwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, na baada ya njia ya mkato asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango peke yake. Nywele huweza kupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Aghalabu huota tena.

Sasa nije kwenye hatari inayomhusu muuguzi hasa. Wahenga walisema mganga hajigangi. Muuguzi anao ujuzi, anazo dawa karibu, na anaona haya kulala kitanda ambacho jana alikitandika yeye. Hivyo hujitibu. Mgongo ukimuuma hutafuta diklofenaki, kumbe dawa za jamii hiyo huweza kutoboa vidonda kwenye maungio mapya. Akitapika siku kadhaa, mwenzake humtundikia dripu ya dekstrosi kwa nia njema. Lakini anayetapika mfululizo baada ya upasuaji huu huenda ameishiwa vitamini B1, na sukari ikitangulia kabla ya vitamini hiyo ubongo waweza kudhurika. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, hata bila homa kubwa, yaweza kuwa dalili ya kwanza ya mshono kuvuja. Huo si wakati wa kusema "ni uchovu tu". Ni wakati wa kurudi kwa daktari aliyepasua, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, Ndugu Wajumbe, natoa mapendekezo matano kwa vyama vyenu.

Kwanza, mkopo usiwe wa kisu peke yake. Katika hesabu ya mwombaji iwemo nauli ya kurudi kliniki, vipimo na vidonge vya mwaka mzima, na fungu hilo litolewe kwa awamu. Tukigharimia siku moja na kusahau mwaka mzima, tutakuwa tumemkopesha mwenzetu maradhi mapya.

Pili, kamati iulize upasuaji utafanyika wapi na nani atamwona mgonjwa baadaye. Wapo wanaosafiri hadi India au Uturuki. Si kosa, mradi wawe na daktari hapa nyumbani aliyekubali kuwafuatilia na mwenye taarifa zao zote mkononi.

Tatu, marejesho yaanze mwanachama akisharudi kazini. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Mweka hazina aijue hesabu hiyo kabla ya kupanga makato.

Nne, wanachama wa kituo kimoja wapange kusaidiana zamu. Kazi ya mezani huwezekana baada ya majuma mawili hadi manne, lakini kumwinua mgonjwa kitandani hungoja majuma manne hadi sita, au zaidi kama daktari atakavyoagiza. Kumwachia mwenzetu kazi nyepesi kwa muda huo si hisani. Ni ushirika wenyewe.

Tano, siri itunzwe. Mwombaji amefungua mwili wake mbele ya kamati kwa sababu sheria zetu za mikopo zimemtaka afanye hivyo. Habari zake zikivuka mlango na kufika wodini, atakayefuata hatakuja kwetu. Atakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, tena atajificha hata akiugua.

Ndugu Mwenyekiti, upasuaji huu ni chombo, si muujiza. Uzito huweza kurudi, na anayekwenda peke yake huchoka mapema. Muuguzi amezoea kuwa mkono unaotoa. Tumsaidie awe pia mkono unaopokea. Vyama vyetu viliundwa ili anayewabeba wengine apate naye wa kumbeba siku miguu yake inapolegea. Naomba mapendekezo haya yapelekwe kwenye mikutano mikuu ya vyama vyenu, yajadiliwe, na yale yatakayokubaliwa yaandikwe katika kanuni za mikopo.