Kumsifu Fundi Si Kumpa Kazi: Wanawake na Okestra Katika Karne ya 19



Mwaka 1849, binti mdogo kutoka Brno, Wilma Neruda, alisimama London mbele ya okestra ya Philharmonic Society akapiga fidla. Alipokua, watukufu wa Uingereza walimchangia fidla ya Stradivari iliyotengenezwa mwaka 1709. Hakuna aliyetilia shaka ufundi wake. Lakini fundi wa kike aliyetaka kuketi ndani ya okestra, apige pamoja na wenzake na kulipwa kila wiki, alifungiwa mlango. Kinubi pengine aliachiwa. Vyombo vingine, hapana.

Sababu zilizotolewa zilihusu mwili wake. Fidla, walisema, inampinda shingo. Tarumbeta inamvimbisha mashavu. Selo inashikwa kwa magoti, na hiyo ni aibu. Kwa hiyo wapigaji wengi wa kike wa selo waliweka miguu yote upande mmoja, kama mtu aliyepanda farasi kiubavuubavu. Jaribuni kukaa hivyo, kisha mvute upinde juu ya nyuzi hadi ncha yake: kiuno kinapinda huku, mkono unakwenda kule. Hivyo ndivyo walivyotakiwa kupiga, kisha wakapimwa na waliokaa vizuri.

Waliokataliwa hawakukaa kusubiri. Huko Vienna, mwishoni mwa miaka ya 1860, Josephine Weinlich aliunda okestra ya wanawake, akaiongoza mwenyewe, na mwaka 1871 wakapiga New York. Boston ikapata okestra ya wanawake ya Fadette mwaka 1888, chini ya Caroline Nichols. Hizi zilikuwa kazi za kulipwa, zenye mazoezi na safari, si burudani za sebuleni.

Hata hivyo okestra ya pembeni haikutosha. Mwaka 1893, huko Chicago, mpiga fidla Camilla Urso alidai waziwazi kwamba wanawake waajiriwe katika okestra za kumbi za maigizo. Nawaomba muone uzito wa dai hilo. Urso alikuwa na jina kubwa tayari. Hakuwa akijiombea makofi. Alikuwa akiwaombea wenzake ujira wa kudumu, maana sifa hazinunui mkate.

Jibu lilichelewa. London, Henry Wood aliwaajiri wanawake sita katika okestra ya Queen's Hall mwaka 1913, kwa malipo sawa na wanaume. Vienna, mji ule ule wa Weinlich, okestra yake mashuhuri ya Philharmonic ilikubali kuwa na wanachama wanawake mwaka 1997.

Ninyi wanafunzi wangu, siku moja mtakabidhiwa mamlaka ya kuajiri. Mkimsikia fundi akipiga vizuri, msiishie kumpigia makofi. Mvutieni kiti.