Sanadi za Elimu ya Kisasa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Kisugu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda kulijibu swali ambalo mzazi huuliza pindi kijana wake anapotaka kusomea elimu ya viini vya uhai: kazi hiyo nani ataisoma?

Vyuo vikuu navyo huuliza hivyo hivyo, na vimelitengenezea swali hilo mizani. Mtaalamu akiandika makala, na wenzake wakaitegemea katika maandishi yao, hawana budi kumtaja. Kila kutajwa huhesabiwa kuwa nukuu moja. Bwana Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, ndiye aliyeanza kutoa faharasa kubwa ya nukuu hizo katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 Bwana Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia, akaongeza kipimo: mwenye makala 20, ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20, hupata alama 20. Kwa alama hizo watu hupandishwa vyeo, na wengine hunyimwa.

Kwetu sisi jambo hili si geni, kwani tuna isnadi. Walakini maimamu wetu hawakutosheka na kuhesabu vichwa. Waliuliza mpokezi ni nani, hifadhi yake ikoje, na je, alikutana na yule anayemtaja? Hadithi ya nia, ambayo Imamu Bukhari aliifungulia kitabu chake, kwa njia iliyo sahihi imepokewa na Sayyidna Umar peke yake, kisha Alqama peke yake, kisha Muhammad bin Ibrahim, kisha Yahya bin Said. Baada ya Yahya ndipo ilipoenea kwa watu wengi mno. Je, ilikuwa dhaifu siku ilipokuwa kifuani mwa mtu mmoja?

Sasa natwaa mfano wa karibu nasi. Kando ya barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe upo msitu wa Zika. Huko, mwaka 1947, wataalamu wa taasisi ya Entebbe walikuwa wakiitafuta homa ya manjano. Walijenga madungu juu ya miti, wakaweka humo kima wa Bara Hindi ndani ya vizimba ili waumwe na mbu. Mwezi wa Aprili kima nambari 766 akashikwa na homa. Maji ya damu yake yakadungwa panya weupe, panya wakaugua, na ikadhihiri kwamba ni virusi ambavyo havijajulikana bado. Januari 1948 virusi hivyo vikapatikana tena, safari hii kwa mbu wa msitu ule ule. Mabwana Dick, Kitchen na Haddow walitangaza habari hiyo mwaka 1952.

Kisha kimya! Kwa zaidi ya miaka hamsini makala ile ilinukuliwa kwa nadra, na watafiti wachache wa maradhi ya mbu. Bwana Haddow alifariki mwaka 1978, na Bwana Dick mwaka 1997. Lau wangalipimwa kwa kazi hiyo tu, na kwa mizani niliyoieleza, wangalionekana wamepoteza wakati wao.

Mwaka 2015 maradhi hayo yakaenea Brazil, na watoto wakazaliwa wenye vichwa vidogo. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza hali ya hatari. Hapo kila mtafiti akarudi kwenye makala ya 1952, na nukuu zikamiminika kama mvua ya masika. Tena virusi vya kima 766 vilikuwa vimehifadhiwa katika maabara miaka yote hiyo, na maandishi yake ya urithi, herufi 10,794, yalikwisha kusomwa na kuchapishwa mwaka 2007. Kwa hiyo wataalamu waliweza kuvilinganisha na vya Brazil, wakatambua kwamba vile vya Brazil ni vya tawi la Asia. Mtu hawezi kulinganisha na kitu kisichohifadhiwa.

Taasisi ile ingalipo Entebbe, nayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Binti au kijana wa Kisugu akiomba ruhusa ya kwenda kujifunza kazi ya namna hiyo, nawasihi wazazi mumpe ruhusa, na jumuiya yetu imsaidie nauli na vitabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.