Nidhamu ya darasani hailetwi na fimbo

(Mazungumzo na walimu wa shule za msingi na watumishi wa umma, Kamunyonge, Musoma)



Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo sote hulitaja mara kwa mara, lakini ni wachache wanaokaa chini kulifikiri. Jambo lenyewe ni nidhamu katika madarasa ya juu ya shule za msingi, yaani kuanzia darasa la tano na kuendelea.

Nasema madarasa ya juu kwa makusudi. Mtoto wa darasa la kwanza hutii kwa sababu mwalimu ni mtu mzima. Mtoto wa miaka 11, 12 au 13 ameanza kupima mambo. Hujiuliza moyoni: Je, amri hii ni ya haki? Je, wenzangu nao wanaifuata? Je, anayeitoa anaifuata yeye mwenyewe? Majibu anayoyapata darasani ndiyo atakayotoka nayo kwenda kuwa mwananchi, mfanyakazi au kiongozi.

Ndugu walimu, mji wetu wa Musoma una deni katika suala la elimu. Mwaka 1934 Kambarage Nyerere alitoka Butiama akaja kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, hapa hapa mjini, akiwa na umri wa miaka 12. Ni umri ule ule wa watoto tunaowazungumzia leo. Miaka 40 baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji huu na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Azimio lile lilijaza madarasa. Walimu wengi walihitajika kwa haraka, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Madarasa yakajaa tena kuanzia Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 kufuta ada na michango ya lazima.

Maamuzi yote mawili ni ya kujivunia, kwa maana yaliwafungulia mlango watoto wa wakulima na wavuvi. Lakini kumfungulia mtoto mlango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hali atakayoikuta ndani. Mwalimu anapokabiliwa na darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, hupatwa na kishawishi kikubwa cha kutawala kwa fimbo. Fimbo haihitaji maandalio, na darasa hunyamaza papo hapo.

Hapana budi tukumbushane sheria inavyosema. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinaruhusu kiboko kwa makosa mazito tu. Anayeruhusiwa kukitoa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Kwa hiyo mwalimu anayeingia darasani na fimbo kwapani, akamchapa huyu kwa kuchelewa, yule kwa kukosa hesabu, na darasa zima kwa kelele za watoto watatu, huyo haleti nidhamu. Anavunja kanuni mbele ya watoto anaotaka wajifunze kutii kanuni.

Wala hatari yake si ya maneno matupu. Agosti 2018, katika Manispaa ya Bukoba, ng'ambo ya pili ya Ziwa hili letu, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu huyo adhabu ya kifo. Familia moja ilipoteza mtoto, na taifa likapata aibu. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kupiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikafuata mwaka 2016. Kama nasi tuifute fimbo kabisa katika kanuni zetu, hilo nawaachia wenye mamlaka ya kutunga sheria. Ninachosema mimi ni kwamba shule inayosubiri kosa litendeke ndipo ishughulike na nidhamu, imekwisha kuchelewa.

Nidhamu huanza na desturi za kila siku. Tuchukue kipindi cha dakika 40. Mwalimu anaingia, watoto wanasukumana, madaftari hayajagawiwa, ubao una maandishi ya somo lililopita, na watatu wanaomba ruhusa ya kutoka kwa mara moja. Dakika 10 zinapita kabla neno la kwanza la somo halijasemwa. Tukichukulia siku yenye vipindi 8, hizo ni dakika 80, yaani vipindi viwili kamili vinavyopotea kila siku, na vipindi 10 kwa juma. Hakuna kiboko kinachoweza kurudisha muda huo. Utaratibu unaweza.

Utaratibu wenyewe ni mambo madogo. Mwalimu anapoingia, wanafunzi husimama na kumwamkia, naye huitikia akiwatazama usoni. Ubao umekwisha kufutwa na mwenye zamu. Swali moja la marudio limeandikwa, na kila mtoto analijibu wakati mwalimu anaita majina ya mahudhurio. Madaftari hugawiwa na mtoto mmoja wa kila safu, kuanzia mbele hadi nyuma. Anayetaka kutoka huchukua kibao kidogo kilichotundikwa mlangoni. Kibao kisipokuwapo, maana yake mwenzake bado hajarudi, naye husubiri. Mwalimu akichelewa kwa udhuru, mwenye zamu hufungua kitabu cha kusoma na darasa huendelea. Mwisho wa kipindi sakafu hutazamwa na viti hupangwa.

Mambo haya hayatoshi kutangazwa. Lazima yafundishwe, kama tunavyofundisha kugawanya sehemu. Mwalimu aoneshe, watoto wajaribu, wakosee, warudie. Juma la kwanza la muhula likitumika hivyo, halikupotea. Na masharti yawe machache. Mimi ningetaja matano: kuwahi, kuja na vifaa, kumsikiliza anayesema mpaka amalize, kutunza mali ya wote, na kusema kweli. Darasa lenye masharti ishirini ukutani halina sharti hata moja kichwani.

Aidha, watoto wa umri huu washirikishwe kuyatunga. Mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, ulitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule yao, na ulitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mtoto aliyeshauriwa juu ya sharti huliona ni lake. Na katika makubaliano hayo wajibu wa mwalimu nao uandikwe: kwamba atafika kwa wakati, atasahihisha madaftari, wala hatatukana. Mwalimu anayeogopa kuandikiwa wajibu wake mbele ya watoto, kwa haki gani atawadai wao wajibu wao?

Ndugu zangu, sasa nataka kugusa desturi moja tuliyoizoea mno hata hatuioni. Mwalimu anapotoka darasani humwachia kiranja karatasi aandike majina ya wapiga kelele. Akirudi, walioandikwa huadhibiwa bila kuulizwa. Tujiulize nini kinafundishwa hapo. Kiranja hujifunza kwamba cheo ni uwezo wa kuwaumiza wenzake. Rafiki yake haandikwi. Mwenye karanga au penseli mpya hufutwa. Aliyegombana naye jana huandikwa hata kama alikaa kimya. Watoto wote hufahamu, na wote hunyamaza. Tunapolalamika kwamba katika ofisi fulani faili haliendi mpaka mkono ulainishwe, tusidhani mtumishi yule alijifunzia ofisini. Huenda somo la kwanza alilipata katika karatasi ya wapiga kelele.

Kiranja asiwe nyapara. Awe mtumishi wa darasa. Kazi yake iwe kuhakikisha chaki ipo, mgonjwa amepelekwa kwa mwalimu wa zamu, na aliyekosa shule jana ameazimwa daftari. Uongozi huo uende kwa zamu, wavulana na wasichana, ili kila mmoja aonje kutumikia kabla hajaonja kuamrisha. Ni malezi hayo yatakayotupatia watumishi wa kesho.

Desturi ya pili inayohitaji kuachwa ni kuifanya kazi kuwa adhabu. Aliyechelewa anapewa jembe akalime. Aliyepigana anapewa ndoo akateke maji. Kisha tunashangaa kwamba kijana anayemaliza shule analichukia jembe. Tumekuwa tukimfundisha kwa miaka saba kwamba kulima ni kazi ya wakosaji! Kazi ya bustani na usafi wa mazingira ni sehemu ya elimu, na kila mwanafunzi aifanye kwa heshima, mwema na mkosaji sawasawa, na mwalimu wao akiwa pamoja nao.

Je, mkosaji aachwe? La, hasha. Kosa likiachwa ndiyo fujo yenyewe. Lakini hatua ichukuliwe kwa kufuata kosa. Aliyechafua asafishe alipochafua. Aliyechana kitabu akikarabati. Aliyemtukana mwenzake amwombe radhi mbele ya wale wale waliosikia. Aliyechezea muda wa kazi aimalize kazi yake kabla ya kwenda mchezoni. Onyo la kwanza litolewe kando, si mbele ya darasa, kwa maana mtoto wa miaka 12 akiaibishwa mbele ya wenzake atatafuta heshima yake kwa ubishi. Anayerudia, mwalimu amwite, amwulize, na amsikilize. Kisha amshirikishe mzazi na mwalimu wa malezi. Mara nyingi utagundua kwamba anayesinzia darasani alikuwa mwaloni alfajiri akianika dagaa, au kwamba binti anayechelewa kila siku ndiye anayewaogesha wadogo zake kabla ya kuja shule. Fimbo haiulizi maswali hayo. Humfanya mtoto huyo aamue kutokuja kabisa, na mwalo hauna daftari la mahudhurio.

Najua wapo watakaosema: "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Nawaheshimu wazee wetu, lakini ushahidi huo una kasoro. Wanaousema ni wale waliobaki shuleni. Walioikimbia fimbo wakaishia njiani hawakualikwa katika mikutano yetu kuja kutoa ushahidi wao. Na ukimwuliza aliyefanikiwa akutajie mwalimu anayemkumbuka kwa shukrani, mara nyingi atakutajia yule aliyefika kila siku, aliyesahihisha kila daftari, na aliyewatendea wote kwa kipimo kimoja. Wengine hutukumbusha methali kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sisi wakazi wa kando ya Ziwa tunawajua samaki. Methali imesema kumkunja; haikusema kumvunja.

Ndugu watumishi wa umma, msidhani mazungumzo haya ni ya walimu peke yao. Mwalimu hawezi kudumisha utaratibu ikiwa anatumia siku mbili za juma kufuatilia madai yake katika ofisi zetu. Hawezi kudai mtoto akae vizuri mahali ambapo pa kukaa hapapo. Kila dawati linalochelewa kutengenezwa kwa sababu karatasi imelala mezani kwa mtu, ni pigo kwa nidhamu ya darasa. Nanyi pia ni wazazi. Mtoto anayemwona baba yake anafika kazini saa nne na kuondoka saa sita, hatashawishika na sharti la kuwahi, hata liandikwe kwa herufi kubwa namna gani.

Maafisa elimu kata na wathibiti ubora wa shule nao wanapotembelea shule wasiridhike na kimya. Kimya cha darasa chaweza kuwa cha usikivu, na chaweza kuwa cha hofu. Vyote viwili hufanana ukiwa umesimama mlangoni. Njia ya kuvitofautisha ni kuuliza swali na kutazama: je, watoto wananyosha mikono, au wanainamisha vichwa? Na ipo njia nyingine iliyo rahisi zaidi. Mwalimu atoke nje, kisha tusikilize. Darasa lenye hofu hulipuka mara tu kivuli chake kinapotoweka. Darasa lenye nidhamu huendelea na kazi.

Ndugu Mwenyekiti, siombi bajeti mpya wala tume ya kuchunguza. Naomba kwamba kila mwalimu wa darasa la tano na kuendelea, muhula ujao utakapofunguliwa, atenge juma la kwanza kuwafundisha watoto desturi za darasa na kukubaliana nao masharti machache. Kwamba karatasi ya wapiga kelele iondolewe. Kwamba jembe lisitolewe tena kama adhabu. Na kwamba kitabu cha adhabu kikaguliwe na kamati ya shule kila muhula. Naomba pia kila ofisi inayoihudumia shule ijiwekee sharti moja tu la kuanzia, nalo ni kuwahi.

Mji huu ulitoa Azimio la kumwingiza kila mtoto shuleni. Inatupasa sisi tuliopo sasa kuhakikisha kwamba mtoto huyo, akiisha kuingia, anajifunza kutii sheria kwa kuielewa na kuiheshimu, ili siku moja aweze kuitumikia bila kusimamiwa na mtu.