Tuchunguze Kabla ya Kuhukumu



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Tumetakiwa tuzungumzie kazi yetu ya uwakili katika mashauri ya ajira na uchunguzi wa tuhuma mahala pa kazi.

Wengi hudhani wakili wa namna hii hushinda mahakamani akitoa hoja. La. Sehemu kubwa ya miaka yetu imepita katika ofisi ndogo na mastoo, tukisoma madaftari ya mapokezi, tukilinganisha saini, na kumuuliza mtu swali moja mara tatu. Mali imepotea, meneja ameshamjua mwizi, mtunza stoo ameshaambiwa akae nyumbani. Ndipo tunapoitwa, na mara nyingi tunaitwa kuupamba uamuzi uliokwisha kupita.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali hayo. Anayemwachisha mtu kazi hutakiwa awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye mwajiri. Kanuni za mwaka 2007 zikafafanua: uchunguzi utangulie; mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoifahamu; apewe muda usiopungua saa 48 wa kujitayarisha; aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chao. Akiachishwa kazi na asiridhike, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. (Siku hizo zimewapita wengi wakingoja huruma ya bosi.)

Kwa Muislamu hili si geni. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuipeleleze habari aliyoileta fasiki, tusije tukawadhuru watu pasi na kujua. Na Mtume (s.a.w.) alipompeleka Ali (r.a.) Yemen alimfundisha asihukumu mpaka asikie upande wa pili. Hata hivyo tumeona mtu akisimamishwa kazi Jumatatu, na Ijumaa watu wanamkwepa katika safu. Mwajiri bado anachunguza, sisi tumekwisha kuhukumu!

Lililo zito zaidi ni letu wenyewe. Kamati ya msikiti inayomlipa mlinzi, na madrasa inayomlipa ustadhi, ni mwajiri. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Ni madrasa ngapi zimefanya hivyo? Ustadhi huambiwa avumilie, kazi yake ni ya thawabu. Kisha asubuhi moja huambiwa asije tena, kwa kuwa mzazi mmoja amelalamika. Hadithi qudsi iliyomo katika Sahih Bukhari yamtaja aliyemwajiri kibarua, akaipata kazi yote, asimpe ujira wake: huyo ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Wala hakuvuliwa humo anayeajiri kwa jina la msikiti.

Tutabaki hapa baada ya Swala ya Isha. Kamati itakayopenda kuwaandikia walimu wake mikataba, ije na majina yao, kiasi cha malipo na tarehe walizoanza kazi. Karatasi tunazo.

Wabillahi tawfiq.