Baba Mzazi na Siku Saba za Kwanza



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa mama na mtoto baada ya kujifungua, na nimeona nianze na sisi wanaume, kwa kuwa siku hizo ndio tusioulizwa kitu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikutuficha. Lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa huko wako likizoni nusu ya maisha yao. Leo nataka kuzungumzia likizo nyingine, fupi mno kuliko hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mzazi likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupewa siku zisizopungua tatu, nazo sharti zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Wako wanaodhani siku hizo ni za kupokea pongezi na kuchinja kuku. Mimi naziona ni chache, lakini zimewekwa mahali pake hasa, maana katika kila vifo vinne vya watoto wachanga duniani, takriban vitatu hutokea katika juma hilo la kwanza.

Tazameni hali ya nchi yetu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka hadi 43 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kutoka 67 katika utafiti wa 2015/16. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilikuwa 25, vikawa 24. Kwa hiyo mtoto mchanga hakunufaika kama walivyonufaika wakubwa zake, na sehemu ya sababu imo humo humo majumbani mwetu.

Desturi yetu ya arobaini ni njema: mzazi hupumzishwa, hupikiwa uji na mtori, hukandwa. Kasoro yake ni kwamba anayejua kinachotokea chumbani hana nauli, na mwenye nauli hajui kinachotokea. Mzazi hulowesha kitambaa kimoja baada ya kingine, wanawake huambizana kuwa ni uchafu unatoka, na baba yuko barazani na wageni. Kutokwa damu nyingi huweza kuua kwa saa chache. Kifafa cha mimba nacho huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, kikitanguliwa na kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Baba hana budi kuzijua dalili hizo, pamoja na homa. Kwa mtoto aangalie kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, degedege, na mwili kuwa wa moto au wa baridi kupita kiasi. Akiona mojawapo, safari ni usiku huo huo, na chombo cha safari kiwe kimekwisha kutafutwa kabla ya uchungu kuanza.

Tena asingoje dalili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, lilishauri mama na mtoto wapimwe katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la sita. Baba afuatane nao.

Sasa bibi. Yeye ndiye mtawala wa chumba kile, na kwa haki, kwani amelea wengi. Lakini wako mabibi wanaokamua dang'a na kuimwaga, wanaompa mchanga maji, na wanaopaka kitovu samadi au majivu. Kijana hawezi kumkemea mama yake, sembuse mama mkwe, ambaye kwa makabila yetu mengi hata kumtazama usoni ni mwiko. Basi ampeleke bibi kliniki pamoja na mzazi, muuguzi aseme mbele ya wote: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kitovu kikavu na safi.

Mtoto akizaliwa njiti, ubebaji wa ngozi kwa ngozi si kazi ya mama peke yake. Uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo. Mama akichoka au akiwa mgonjwa, kifua cha baba kina joto lile lile. Na yanabaki maji, kuni, na watoto wakubwa wa kupeleka shule. Hayo hayahitaji mafunzo.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wakuu na wakuu wa idara. Mtumishi akileta barua ya kuomba siku zake tatu, asichekwe wala asiambiwe aje Jumatatu. Itieni sahihi siku hiyo hiyo, kwani siku saba zimekwisha kuanza kuhesabiwa.