KWA NINI WAFILIPINO WALIMPENDA RAIS MKALI?

(Mazungumzo na wanakisomo)



Leo tuzungumze habari za nchi ya mbali. Nchi yenyewe ni Ufilipino. Iko Asia, upande wa mashariki. Ni nchi ya visiwa vitupu, visiwa zaidi ya 7,000. Watu wake wamezidi milioni 100. Vijijini watu hulima mpunga na minazi. Pwani huvua samaki.

Mwezi wa Machi 2025, mtu aliyekuwa rais wa nchi hiyo alikamatwa. Jina lake Rodrigo Duterte. Alipelekwa Uholanzi, kwenye mji wa The Hague, kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Anatuhumiwa kuhusika na mauaji ya watu wengi. Mwenyewe anakana.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, Duterte akiwa bado kizuizini, watu wa mji wake wa Davao walipiga kura ya kumchagua meya. Wakamchagua yeye, tena kwa kura nyingi sana.

Mtu yumo rumande ng'ambo, halafu anachaguliwa kuwa meya! Je, watu hao ni wajinga? Hapana. Ufilipino zaidi ya watu tisa katika kila kumi wanajua kusoma na kuandika. Basi tusiwacheke. Tuulize sababu zao.

Uchungu wa muda mrefu

Ufilipino ilitawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka 300, kisha Wamarekani. Ilipata uhuru mwaka 1946. Mwaka 1965 alichaguliwa rais aliyeitwa Ferdinand Marcos. Mwaka 1972 akatangaza utawala wa kijeshi. Wapinzani wakafungwa, wengine wakauawa. Februari 1986 wananchi walijaa barabarani mjini Manila, siku baada ya siku, mpaka Marcos akakimbia nchi.

Watu walishangilia. Mwaka 1987 wakapata katiba mpya. Katiba hiyo inasema rais atakaa miaka sita, mara moja tu, basi.

Lakini baada ya shangwe, mambo mengi yalibaki vile vile. Ukoo mmoja utaona baba ni mbunge, mke ni gavana, mtoto ni meya. Mwaka 2015 zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa bado fukara.

Na sheria je? Sheria ilikwenda mwendo wa kobe. Novemba 2009, katika jimbo la Maguindanao, watu 58 waliuawa siku moja. Kati yao 32 walikuwa waandishi wa habari na wafanyakazi wenzao. Hukumu ilitoka lini? Desemba 2019. Miaka kumi!

Tena Novemba 2013 kikaja kimbunga kikubwa. Kiliua watu zaidi ya 6,000. Walionusurika walilalamika kwamba msaada wa serikali ulichelewa mno.

Wapo pia Wafilipino wapatao milioni 10 walioko nchi za nje. Wengi wao ni mayaya, mabaharia na wauguzi, nao hutuma fedha nyumbani. Mwaka 2015 abiria wa uwanja wa ndege wa Manila walilalamika kwamba risasi zinatiwa kwa siri ndani ya mizigo yao, ili watishwe na kutoa hongo. Hebu fikirini. Mama ametoka kulea watoto wa watu miaka miwili, anafika uwanjani, anaambiwa, "Wewe umebeba risasi."

Watu wakachoka. Ndipo akaja Duterte.

Meya wa Davao

Duterte ni mwanasheria. Alianza kuwa meya wa Davao mwaka 1988. Akaongoza mji huo kwa vipindi, jumla zaidi ya miaka 20. Davao uko kusini, katika kisiwa cha Mindanao. Zamani mji huo ulijulikana kwa mauaji. Wenyeji wengi wanasema yeye aliutuliza. Alikataza watu kuvuta sigara hadharani. Aliweka kikomo cha mwendo wa magari. Ukipiga simu ya msaada, msaada unakuja.

Lakini ilikuwako habari nyingine pia. Watetezi wa haki za binadamu walisema kulikuwa na kundi la wauaji mjini humo, likiua waliodhaniwa wezi na wauza madawa ya kulevya, hata vijana wadogo.

Alipogombea urais, Duterte hakuongea kama mabwana wakubwa wa Manila. Aliongea kama mtu wa mtaani, na matusi juu. Hapo nyuma hapakuwa na rais hata mmoja aliyetoka Mindanao. Watu wa kusini wakasema, "Huyu ni wetu." Akaahidi kukomesha uhalifu na madawa ya kulevya katika miezi mitatu hadi sita.

Mei 2016 alipata kura zaidi ya milioni 16. Hizo ni karibu kura nne katika kila kumi. Kwa sheria yao hakuna duru ya pili, basi akawa rais. Waliompa kura si maskini tu. Hata watu wenye nafuu, wenye kazi na biashara zao, walimpigia kwa wingi.

Hodi usiku

Madawa yaliyowasumbua Wafilipino huitwa shabu. Polisi walianza kwenda nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo iliitwa "tokhang", maana yake kubisha hodi na kusihi. Lakini mara nyingi baada ya hodi ulifuata mlio wa bunduki. Polisi walisema waliouawa walikuwa wakipigana nao.

Polisi wenyewe walihesabu waliokufa katika kazi hiyo, wakafika zaidi ya 6,000. Waendesha mashtaka wa The Hague walikadiria kati ya 12,000 na 30,000. Wengi wao walikuwa maskini wa mitaa ya vibanda.

Agosti 2017, katika mji wa Caloocan, aliuawa mwanafunzi wa miaka 17. Polisi walisema aliwapiga risasi. Lakini kamera ya mtaani ilionyesha polisi wakimkokota kijana. Novemba 2018 polisi watatu walihukumiwa kwa kumwua.

Sifa na hofu pamoja

Desemba 2016 wananchi waliulizwa maoni yao. Zaidi ya wanane katika kila kumi walisema wanaridhika na vita hivyo. Lakini karibu wanane katika kila kumi walisema pia wanaogopa wasije wakauawa wao au watu wanaowajua.

Mnaona? Watu wale wale, sifa na hofu pamoja. Inakuwaje? Nadhani kila mmoja aliona kwamba panga ni la kumkata mwingine, mhalifu, si mtoto wake. Na usiku akitembea bila kuibiwa, alishukuru.

Tena walipata mambo mengine yanayoshikika. Mwaka 2017 ilipitishwa sheria ya kufuta ada katika vyuo vikuu vya serikali. Mwaka 2018 wakulima wenye hekta nane au chini yake walisamehewa malipo ya maji ya umwagiliaji. Mkulima wa mpunga hawezi kusahau jambo kama hilo.

Na ile ahadi ya miezi sita? Miezi haijaisha, Duterte akaomba mingine sita. Mwaka 2022 muda wake wa urais ulikwisha, akatoka. Shabu ilikuwa bado ipo.

Ufa na ukuta

Ndugu zangu, wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Ufilipino ulikuwa kesi zisizokwisha, hongo, na wakubwa wasiosikia. Ufa haukuzibwa. Watu wakamtafuta mtu wa mkono wa chuma. Kilio chao kilikuwa cha kweli.

Lakini dawa waliyopewa ilikuwa na sumu ndani yake. Mahakama ikikawia unaweza kuidai, ukarudi kesho na keshokutwa. Risasi haina rufaa. Yule mama wa Caloocan alipata hukumu, lakini mwanawe hakurudi. Na wako maelfu ambao hata hukumu hawakuipata.

Kwa hiyo tukisikia watu wanamshangilia mtawala mkali, tusiseme haraka kwamba ni wajinga. Tuulize ni ufa gani ulioachwa. Kisha tuulize swali la pili: hodi ile ikipigwa mlangoni kwangu usiku, nitajitetea mbele ya nani?

Jadilianeni jambo hilo katika vikundi vyenu.