Jaji akiambiwa "hilo waachie wabunge"



Darasani kwetu ukimsifia jaji aliyefuta sheria mbovu, hakosekani mtu wa kukwambia, "Huo ni uanaharakati, jaji nani alimpigia kura?" Hoja hiyo siidharau. Kweli hatumpigii kura, na akikosea hatuna sanduku la kumtolea. Ila twendeni kwenye kesi ya mgombea binafsi tuone nani hasa aliingia shamba la mwenzake.

Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alimkubalia Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Hakuyatoa kichwani, aliyasoma kwenye ibara ya 21 ya Katiba. Sasa sikilizeni: hukumu haijatoka, Serikali tayari imeshapeleka muswada wa kuufunga mlango huo, na kabla mwaka haujaisha Bunge likaupitisha. Kesi iko mahakamani, jamani!

Mtikila akarudi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema hilo ni suala la kisiasa, waachiwe wabunge. Yaani Bunge lililofunga mlango ndilo liulizwe kama ulifungwa vibaya. Hapo mahakama haikukaa katikati, ilimwongezea uzito aliyekuwa mzito tayari. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko hapo hapo Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambao nao haukuwa na mgombea binafsi.

Niseme na la kutuuma sisi. Sheria hii inavibeba vyama vyote, chetu kimo. Mbunge akifukuzwa chamani, ubunge nao umekwisha, na hakuna kiongozi wa chama asiyejua raha ya fimbo hiyo. Basi tukidai Katiba mpya tudai na hili, hata kama kesho kijana wa humu ndani aliyekatwa kwenye kura za maoni atasimama mwenyewe na kutupunguzia kura. Nitamkasirikia sana, na kura yangu hapati. Ila jina lake nataka nilikute kwenye karatasi.